Kumpeleka Bwana Kitanda Temeke

Tangu nirudi, kila aingiaye kibandani kwangu kupimwa suruali hutaka kwanza nimsimulie ya Dar es Salaam. Matokeo yake nimekwisha kukata kanzu mbili fupi, na mwenye moja hajanisamehe. Basi nimeonelea niandike yote mara moja. Nyie msome, mie nishone.

Wengi wenu mnanijua kama Zakaria fundi nguo. Wachache wanajua kwamba ujana wangu niliumalizia Dar es Salaam, katika hema la sinema pale Ilala, enzi ambazo picha hazikuwa na sauti. Mtu alionekana akifungua kinywa na usisikie kitu, kisha yakatokea maandishi ya Kizungu, tena Kizungu cha nchi tusiyoijua. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya kitambaa na kuwaeleza watu kwa Kiswahili nani kafanya nini na kasema nini. Waliniita Maneno, na sitajifanya kwamba jina hilo sikulipenda.

Picha iliyonipa sifa ilikuwa moja ya kuchekesha, ya mikanda miwili. Jina lake la kweli hakuna alijuaye. Sie tuliiita Bwana Kitanda. Bwana harusi mwembamba, mwenye kofia ndogo, anafika ukweni na kitanda cha chuma chenye miguu mitatu. Wakwe wanamtoa nje, mlango unafungwa. Hapo nilikuwa nikipiga filimbi, mashine inasimama, tunauza kahawa na kashata, halafu tunaweka mkanda wa pili. Katika mkanda huo bwana yule anatoka kwa fundi na kitanda kizima cha miguu minne, anahangaika nacho mji mzima, na mwisho anatumbukia nacho mtoni. Nilimalizia kwa sauti ya chini, "Na mpaka leo hajafika," na hema zima likavunjika mbavu.

Sasa nilikuwa nimeletewa barua. Mkanda mmoja uko Kinondoni kwa karani aitwaye Elisha, na mwingine uko Temeke kwa Bwana Said mwenye duka, ambaye ndiye aliyekuwa akizungusha mashine yetu siku zile. Mikanda imezeeka, imekauka kama jani la mgomba. Fundi aliyeitazama amesema itapita mashineni mara moja tu, kisha basi. "Tunataka ipite ukiwa umesimama pale mbele," aliandika Elisha. Nilifunga cherehani siku hiyo hiyo.

Mpwapwa hadi Gulwe

Lori la karanga lilikuwa liondoke asubuhi. Liliondoka alasiri, kwa sababu dereva alikuwa na mashemeji watatu wa kuwaaga na kila mmoja alikuwa amempikia. Nilimsubiri juu ya magunia, na nyie mnajua kusubiri si kipaji changu. Alipotokea hatimaye, anapangusa midomo, aliniuliza kama nimeshakula. Nikamjibu vibaya. Akaniletea bakuli la maziwa ya mgando na mtama, nikala, nikaona haya, tukaenda Gulwe tunaongea kama ndugu.

Kidete

Gari moshi lilitoka Gulwe vizuri. Nilipata nafasi dirishani na nikafungua viazi vitamu alivyonifungia mke wangu. Tulipofika Kidete tukasimama. Mto Mkondoa ulikuwa umefurika na kuzoa udongo chini ya reli, chuma kikabaki kinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Tukaambiwa tungoje, na tulingoja siku mbili.

Siku ya kwanza nilimwendea mkuu wa stesheni mara nyingi hata akawa akiniona anaingia ndani. Aliyenituliza ni Bibi Mwanahawa, mama mtu mzima aliyekaa benchi la mbele yangu, anakwenda Kiwalani kwa binti yake aliyejifungua. Alikuwa na chungu cha samli mapajani ambacho hakukiweka chini hata mara moja tangu Dodoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe mhubiri?"

"Hapana, mama. Fundi nguo."

"Nimekusikia unavyosema na yule mkuu wa stesheni, nikadhani mhubiri. Nilitaka uiombee reli. Basi kama si mhubiri, kalete kuni."

Nikaleta kuni. Wavuvi wa bwawa la Kidete walituletea kambale wanono, na Bibi Mwanahawa akawakaanga kwa samli ya mjukuu, jambo ambalo sikuwahi kuliona na ambalo nawashauri mlijaribu. Behewa letu lote lilikula pale, kila mtu na alichokuwa nacho: huyu unga, huyu boga, huyu chumvi ndani ya karatasi. Kusema kweli nilianza kuiombea reli icheleweshwe kidogo.

Siku ya pili mchana, watu wameketi kwenye kivuli cha behewa, mmoja akaniuliza nafuata nini Dar es Salaam. Mie sihitaji kuombwa mara mbili. Nilisimama nikawatolea Bwana Kitanda mzima, na filimbi juu yake. Walicheka hadi mkuu wa stesheni akatoka ndani. Aliyekuwa hacheki ni Bibi Mwanahawa peke yake.

"Na yule bibi harusi?" akauliza.

"Yupi, mama?"

"Huyo aliyefungiwa ndani. Bwana wake kazama mtoni. Nani alimpelekea habari?"

"Picha inakwisha hapo."

"Haiwezi kukwisha hapo. Mtu hakai chini akatunga kichekesho halafu akamwacha bwana harusi mtoni. Huo ni msiba, mwanangu, nyie mlikuwa mkiucheka bure."

Niliudhika. Miaka yote ile nimesimama mbele ya watu na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za bibi harusi. Tulipoteremka Dar es Salaam alipokewa na mkwewe, akanipa kambale wawili wa kukaanga ndani ya jani, akanitakia heri. Nikamshukuru, lakini swali lake lilikuwa bado linanikera.

Kinondoni, kwa Elisha

Elisha ni mtoto wa huku kwetu, wa Kongwa, karani wa bandarini Kurasini. Zamani alikuwa kijana aliyekuja kuanza kazi mjini, na Jumamosi hakukosa hema letu. Sasa ana nyumba ya vyumba vitatu Kinondoni, na kimoja kati ya vitatu hivyo hakikaliki. Kimejaa matangazo ya sinema, vipande vya mikanda, taa za mashine zilizokufa, na makopo yasiyo na kitu ambayo anasema siku moja yatapata kitu.

Mikanda ya zamani ile hushika moto upesi mno, kwa hiyo Elisha amepiga marufuku moto nyumbani kwake. Mkewe, Mama Neema, hupikia uani kwa jirani.

"Karibu, shemeji," aliniambia, anaingia na sufuria ya wali na mchuzi wa papa kutoka nyumba ya tatu. "Mie nimeolewa na bwana mmoja, nikamkuta mwingine chini ya kitanda. Usiku nikitaka kuwasha taa nalazimika kwanza kuomba ruhusa ya huyo wa chini."

Elisha alicheka na mkewe, lakini taa hakuiwasha.

Baada ya kula nilimwuliza anachokiona katika picha ile. Maana kuna daktari mmoja Tanga na bwana mwingine Nairobi, wote wakusanyaji kama yeye, ambao wamemwandikia barua wakimsihi awape hata urefu wa mkono mmoja.

"Kaka Zakaria, zile picha kubwa kubwa kila mkusanyaji anazo, au anajua ziliko. Hii hakuna anayeijua. Nimewauliza wote. Hakuna aliyeandika jina la yule mwembamba popote. Huenda ndiyo picha pekee aliyoicheza maisha yake yote. Kwao wamemsahau, na hapa Kinondoni mke wangu anamwonea wivu."

Kisha akavuta kopo bapa la bati kutoka chini ya kitanda, akalifungua polepole, akafungua mkanda kiasi cha mikono miwili. Zaidi ya hapo hakuthubutu, kwa sababu kila alipoukunjua ulilia. Akaninyooshea mlangoni penye mwanga, akanipa kioo cha kukuzia.

"Huu ni ule wa harusi, tuliokuwa tukianza nao. Wewe sasa ni fundi nguo. Tazama suruali."

Nikatazama. Bwana Kitanda amesimama mlangoni kwa wakwe, na suruali yake imelowa chapachapa, imemganda miguuni. Hata koti linachuruzika.

"Sasa tazama mguu wa kitanda uliokatika. Una majani ya mtoni."

Nikasogeza kioo karibu.

"Kaka, huyu ameshatoka mtoni. Mkanda huu ni wa pili. Sie tuliuonyesha wa kwanza."

Niseme ukweli, nilihisi masikio yanawaka. Maana siku makopo yale yalipofika, vibandiko vimebanduka kwa maji ya bahari, mwenye hema aliniuliza tuanze na lipi. Nilivuta kipande cha moja, nikaona watu wamevaa vizuri, nikasema hawa ndio wanatoka nyumbani, weka hili. Na baada ya hapo sikuiona tena picha. Mtangazaji hutazama watu, si kitambaa. Mie nilikuwa nimewaelekea wao, mgongo kwa picha, napima vicheko vyao nijue tumefika wapi. Siku moja mtu wa mbele alipaza sauti kwamba mbona bwana huyu kalowa, nikamjibu bila kugeuka kwamba hilo ni jasho la ukweni. Jibu hilo lilipendwa sana, nikalitumia miaka yote.

"Bwana Said anajua?" nikauliza.

"Hajui. Anaapa barazani kwake kwamba picha inakwisha mtoni, na anagombana na kila anayembishia. Mie sijamwambia. Hilo ni lako." Akaukunja mkanda taratibu. "Utapita mara moja tu, kaka. Ukisema tuanze na harusi kama zamani, tutaanza na harusi. Sitafungua mdomo."

Nililala vibaya. Jina langu mjini pale limejengwa juu ya picha ile, na hata huku kwetu mnajua nilivyowahi kulitia chumvi. Kabla usingizi haujanichukua nilikuwa nimeshaamua: tutaanza na harusi, na mie nitanyamaza.

Kinondoni hadi Temeke, kwa miguu

Elisha hakukubali kopo lipande basi, akihofia joto la injini. Tulitoka asubuhi mapema kwa miguu. Kopo alilifunga kwa majani ya mgomba, kisha kwa shuka jeupe lililoloweshwa maji. Nililibeba mie, mikono miwili, kifuani, na Elisha akanifuata hatua moja nyuma akilishikia mwavuli mweusi jua lisiliguse. Tulikwenda polepole na hatukuzungumza, kwa sababu nilikuwa na mengi moyoni na Elisha alikuwa akihesabu matuta ya barabara.

Pale Magomeni mtu mmoja aliyekuwa anakunywa uji aliweka bakuli chini, akainuka, akaja kutembea pembeni yetu. Nikamtupia jicho. Aliinamisha kichwa tu. Mbele kidogo wakaongezeka wawili. Nikaanza kufikiri. Miaka mingi imepita, lakini sura yangu haijabadilika sana, na hema letu lilikuwa likijaa watu wa Magomeni. Nikajua nimetambuliwa.

Sijivunii hili, lakini nitalisema: nilinyoosha mgongo.

Tulipovuka Msimbazi wakawa saba. Mpagazi mmoja wa Kurasini aliyekuwa anarudi kutoka zamu aligeuka akatufuata na gunia lake begani. Mwingine alikuwa anakwenda shambani kwake Tabata na jembe. Akalilaza jembe kwa muuza mkaa, akaungana nasi. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, ambaye baadaye nilimjua kuwa ni Mzee Kombo seremala, alinijia akanyoosha mikono nimpe mzigo. Nikampa. Aliubeba hatua kadhaa, akampa mwingine, naye akampa mwingine. Nikasema moyoni, watu wa pwani wanajua kumheshimu mtu. Elisha nyuma yangu alikuwa anakimbizana na mwavuli, kila mbebaji na mwendo wake.

"Unawajua hawa?" akaninong'oneza.

"Wao ndio wananijua," nikamjibu.

Baina ya Ilala na Chang'ombe watu waliokaa barazani walisimama tulipopita. Kinyozi mmoja aliacha kichwa cha mtu nusu. Nilitamani mke wangu angekuwepo. Tulipoingia Temeke tulikuwa watu kumi na wanne, na sijapata kutembea kwa heshima namna ile tangu nizaliwe.

Bwana Said alituona kwa mbali. Ni mtu wa ukoo wa Kiarabu, mrefu, ndevu zimekuwa nyeupe. Baba yake aliuza tende na halua katika duka lile lile. Alirudisha mlango mmoja wa duka, akavua miwani, akashuka barazani na kusimama kimya mpaka tukafika. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Inna lillahi," akasema. "Zakaria, ndugu yangu. Nani?"

"Nani nini?"

"Nani aliyetutoka? Mtoto wa Elisha?"

Nikageuka. Wanaume kumi na wawili wamesimama na vichwa chini. Shuka jeupe liko mikononi mwa Mzee Kombo, amelikumbatia kama mtoto mchanga, na mwavuli mweusi juu yake. Sijui niliwezaje kuishi mji ule miaka mingi, nikaona maziko ya watoto yakipita na kila mwanaume njiani akiinuka kusindikiza na kupokezana, halafu siku hiyo nisione kitu ila mimi mwenyewe.

"Ni Bwana Kitanda," nikasema.

Mzee Kombo alilaza mzigo barazani, akafungua shuka, akafungua majani, akalitazama kopo la bati. Yule mwenye jembe akasema ameacha muhogo wake kwa ajili ya debe. Mpagazi wa Kurasini ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akaketi juu ya gunia lake, na wengine mmoja mmoja wakamfuata. Elisha alikuwa bado ameshika mwavuli.

"Tuwieni radhi, wazee wangu," nikasema. "Hatukukusudia."

"Sie tulikusudia," akasema Mzee Kombo. "Nia yetu ilikuwa ya mazishi, thawabu tumeshapata, hazirudishwi." Halafu akaliinamia kopo tena. "Bwana Kitanda yupi? Yule aliyezama?"

Ghalani kwa Bwana Said

Hakuna aliyeondoka. Bwana Said aliwatilia wote kahawa na kuwakatia halua, na baada ya sala ya adhuhuri tuliingia ghalani nyuma ya duka, mahali anapoweka nazi kavu. Madirisha yalikuwa yamezibwa magunia. Ukutani kulikuwa na shuka, na nyuma kabisa kile kibanda cha bati cha siku zetu, chenye tundu moja dogo la kupitishia mwanga, ambamo mzungushaji hujifungia na mashine ili moto ukitokea usiwafikie watu. Taa ilikuwa ya betri ya lori, isiyo na joto kali. Ndoo nne za mchanga zilipangwa mlangoni.

Mzee Kombo aliketi mbele kabisa. Akawa anawasimulia vijana wa nyuma yake picha ilivyo, na alikuwa anasimulia kwa maneno yangu. Jasho la ukweni lilikuwepo. Filimbi ilikuwepo.

"Mie nilioa wiki ile ile niliyoiona," akaendelea. "Kitanda nilikibeba mwenyewe kichwani kutoka Magomeni. Kufika Msimbazi nikakishusha. Nikamkumbuka yule bwana. Wallahi nilikaa pale tangu asubuhi hadi alasiri, nangoja mtu wa kunishika mkono nivuke, nisije nikawa yeye. Mke wangu mpaka leo hanisamehe, wageni walishaanza kuondoka."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshasimama mahali pangu, mgongo kwa shuka, kama zamani, na nilikuwa nimefungua kinywa kuita mkanda wa harusi. Nikamwangalia mzee yule, na kinywa kikakataa.

"Wazee wangu, ndugu zangu," nikasema. "Nilikosea."

Nikawaambia yote, tangu vibandiko vilivyobanduka hadi suruali. Sikuitia chumvi hata chembe. Nilipomaliza, jambo ambalo nililiogopa njia nzima lilikuwa limekwisha kutokea. Ajabu ni kwamba nilijisikia mwepesi.

"Kwa hiyo alitoka mtoni?" akauliza Mzee Kombo.

"Alitoka."

"Na mie nilikaa Msimbazi siku nzima."

"Unisamehe, mzee."

Aliivua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa. "Alifika, basi?"

"Sijui. Alipofungiwa mlango tulikuwa tunasimamisha mashine tuuze kahawa. Kilichobaki kwenye mkanda hatukukionyesha kamwe, tulidhani ni mabaki. Hakuna mtu Dar es Salaam aliyewahi kukiona."

Bwana Said alitoka kibandani kwake. Uso wake ulikuwa mgumu, na niliogopa zaidi kuliko nilivyowaogopa wale wote.

"Zakaria, umeniacha nikiapa mbele ya watu."

"Nimekuacha. Nisingejua ningekuacha mpaka kaburini, na jana nilipojua nilitaka kukuacha hivyo hivyo."

Bwana Said akamgeukia Elisha. "Tunaanza na huu wangu wa mto. Halafu ule wenu. Na mashine anazungusha Said, asiniguse mtu, mkono wangu ndio unaoijua." Akaingia, akajifungia.

Mkanda wa kwanza niliusimulia kama zamani, watu wakacheka palepale walipokuwa wakicheka zamani, na bwana yule akatumbukia mtoni. Nyuma tulisikia mkanda unakatika katika, vipande vikiangukia kikapuni. Ukaja wa pili. Nikaeleza wakwe, nikaeleza kitanda cha miguu mitatu, mlango ukafungwa. Filimbi sikupiga. Mashine iliendelea kuzunguka, na maneno yakaniishia.

"Maneno, anasema nini?" wakauliza.

"Hata mie sijui," nikasema. "Tazameni."

Nikageuka. Nikaketi chini karibu na Mzee Kombo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaitazama picha ile, nikacheka mpaka nikashika mbavu, nikalia pia, wala sioni haya kuwaambia. Mzee Kombo alinishika goti muda wote. Kisha shuka likawa jeupe, magunia yakatolewa madirishani, na kila mtu akawa anazungumza na jirani yake kwa wakati mmoja.

Nilikwenda kumwangalia Bwana Said. Alikuwa bado ndani ya kibanda, kanzu imelowa jasho, mkono haujaachia mpini wa mashine. Kikapuni mlikuwa mmejaa vipande vikavu, visivyoweza kupita tena mashine yoyote.

"Alifika?" akaniuliza.

Nilidhani ananitania. Halafu nikaliona lile tundu dogo, lililozibwa lote na mashine, na bati pande zote.

"Bwana Said. Hukuona?"

"Ningeonaje? Macho yangu yako mkandani, usishike moto. Leo, na siku zile zote. Picha hii mie sijaiona hata mara moja, Zakaria. Nimeisikia kwako tu."

Nikavuta gunia la nazi, nikaketi mbele yake.

"Mlango ulifunguka," nikasema. "Akatoka bibi harusi peke yake, na shela lake. Akamtazama pale nje alivyolowa. Akashika upande mmoja wa kitanda, bwana akashika wa pili, wakakiingiza ndani mbele ya wakwe wote. Kikainama, kwa sababu mguu haupo. Bwana akatafuta tofali, hakuna. Akatafuta gogo, hakuna. Akapiga magoti, akaingia chini ya ile pembe, akaibeba kwa mgongo wake. Bibi harusi akapanda, akaketi. Kitanda kikatulia."

"Na mwanamke akafanya nini?"

"Akainama, akamvua ile kofia ndogo, akaikamua maji, akamvisha tena."

"Na yeye bwana, chini pale?"

"Alikuwa anacheka, Bwana Said. Alifika."

Bwana Said akaachia mpini.